Ukiacha kazi Ujerumani, usidhani pesa ya kukosa ajira inakusubiri

Nyumbani Kigoma kuna maneno nimeyasikia Mwanga, nikayasikia Ujiji, na juzijuzi mama mdogo wa Gungu akanitumia ujumbe wa sauti akiyarudia: "Mwanangu, huko si hata ukikaa bure serikali inakulipa?" Alikuwa ananionea huruma. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku, kumnyanyua mgonjwa mzito kuliko mimi, na mgongo umeanza kulalamika. Kwa mapenzi ya mzazi akaona njia nyepesi: acha kazi, pumzika, ule pesa ya serikali mpaka upate kazi laini. Nimemjibu kwa simu, lakini najua si yeye peke yake anayeamini hivyo. Hata sisi tulioko huku wengi tunaamini, na tunakuja kushtuka wakati kodi ya nyumba inadaiwa na akaunti haina kitu.

Tuanze na pesa yenyewe inatoka wapi. Ujerumani ina bima ya kukosa ajira tangu 1927, mwaka uleule meli ya MV Liemba ilipoanza tena safari Ziwa Tanganyika, ziwani kwetu, baada ya kuibuliwa kutoka chini ya maji. Ni bima kama bima nyingine: anayelipwa ni aliyechangia. Kila mwezi asilimia 2.6 ya mshahara kabla ya makato inakwenda kwenye mfuko, nusu unakatwa wewe, nusu anatoa mwajiri. Mwenye mshahara wa euro 3,000 anakatwa euro 39. Chukua karatasi yako ya mshahara uitazame sasa hivi. Kwenye makato utaona herufi KV za bima ya afya, RV za pensheni, PV za matunzo ya uzeeni, na AV. Hiyo AV ndiyo yenyewe. Kama mbele yake hakuna tarakimu, ujue hakuna mfuko unaokufahamu.

Na wapo wengi ambao AV yao ni tupu. Mwanafunzi wa chuo anayefanya kazi saa chache huku anasoma hachangii. Mwenye kibarua kidogo kile wanachokiita Minijob hachangii, hata akikifanya miaka mitano mfululizo. Nimewaona vijana wetu wakisafisha ofisi kwa vibarua hivyo, wanajisikia wameajiriwa, na kweli wanafanya kazi, lakini kwa bima hii ni kama hawapo.

Sharti kubwa ni hili: uwe umechangia angalau miezi 12 ndani ya miezi 30 iliyopita kabla ya kukosa kazi. Si lazima iwe kwa mwajiri mmoja, wala iwe mfululizo, vipande vinajumlishwa. Ukitimiza miezi 12 unalipwa miezi 6. Ukiwa na 16 unalipwa 8, ukiwa na 20 unalipwa 10, na 24 inakupa mwaka mzima. Kuanzia umri wa miaka 50 muda unaweza kurefuka zaidi kwa aliyechangia muda mrefu. Kiasi ni takriban asilimia 60 ya mshahara unaobaki mkononi, au 67 kwa mwenye mtoto. Kwa hiyo aliyezoea kupokea euro 2,000 atapata kama 1,200, au 1,340 akiwa mzazi, na inaingia mwisho wa mwezi, si mwanzoni. Ondoa kodi ya nyumba, umeme na tiketi ya treni, halafu uniambie kama hapo kuna pesa ya kukaa bure na kutuma nyumbani.

Hayo ya hesabu ni mepesi. Kinachowaumiza watu wetu ni namna walivyotoka kazini.

Sheria inauliza: nani aliyemaliza kazi hii? Ukiandika barua ya kuacha mwenyewe bila sababu nzito, unafungiwa malipo kwa wiki 12. Wiki hizo hazisogezwi mbele ili ulipwe baadaye. Muda wako wote unakatwa robo, hivyo aliyekuwa na haki ya miezi 12 anabaki na 9. Kufukuzwa kwa kosa lako mwenyewe, kwa mfano kutofika kazini bila taarifa baada ya kuonywa, kunahesabiwa vilevile.

Lakini kuna mlango wa tatu, na huo ndio uliompitisha kijana wa baba mdogo, tuliyekua naye Ujiji. Alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Ijumaa jioni, zamu inaisha, akaitwa ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi mbili zinazofanana, kalamu juu yake. Akaambiwa kwa upole kwamba kazi zimepungua, kwamba yeye ni kijana mzuri, watamwandikia barua ya sifa na kumwongezea mshahara wa mwezi mmoja, asaini tu hapa chini. Akasaini, akashukuru, akapeana nao mikono. Juu ya karatasi ile liliandikwa neno Aufhebungsvertrag, yaani makubaliano ya pande mbili ya kuvunja mkataba. Machoni pa sheria hakufukuzwa. Alikubali mwenyewe kazi iishe, na aliyekubali anahesabiwa sawa na aliyeacha. Alipokwenda kudai akakutana na wiki 12 za kufungiwa.

Jambo hili linaniuma kwa sababu najua kwa nini alisaini. Kwetu mtoto analelewa asibishane na mkubwa, na mkubwa akikuwekea kalamu mbele unasaini kwanza, maswali baadaye, tena kwa heshima. Malezi hayo nayapenda na wanangu nitawapa. Ila mbele ya karatasi ile hayakusaidii. Kusema "naomba niende nayo nyumbani nikaisome" si utovu wa adabu, na hakuna sheria inayokulazimisha kusaini siku ileile. Wakitaka kukuondoa, wakuandikie barua ya kukuachisha wao wenyewe, kwenye karatasi yenye saini ya mkono. Ujumbe wa WhatsApp au barua pepe haumfukuzi mtu Ujerumani, hauna nguvu. Na ukishaikabidhiwa barua halisi, una wiki tatu tu za kufungua shauri kwenye mahakama ya kazi kama unaona umeonewa. Aliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi kama ver.di ana pa kukimbilia kwa ushauri wa sheria. Asiye mwanachama aende kwenye ofisi za ushauri wa wahamiaji, Caritas wanazo miji mingi, na huduma ni bure.

Sasa, mama mdogo ana haki kuhusu mgongo wangu. Sheria nayo inajua kwamba kuna kazi zisizovumilika. Mtu anaweza kuacha mwenyewe na bado alipwe bila kufungiwa, mradi awe na sababu nzito inayothibitika: afya, mshahara usiolipwa, kunyanyaswa, kumfuata mume au mke anakoishi mji mwingine. Utaratibu wake ndio wenye uzito. Unaanza kwa daktari, aandike kwamba kazi hii inaharibu afya yako. Unamwambia mwajiri kwa maandishi, unaomba upewe kazi nyepesi. Ikishindikana, unakwenda Agentur für Arbeit, ofisi ya ajira inayolipa pesa hii, kuuliza kabla ya kuandika barua ya kuacha. Anayeacha kwanza na kutafuta cheti baadaye anajitafutia kazi kubwa ya kuthibitisha.

Kuna tarehe pia, na hazina huruma. Ukijua kazi inaisha, unatakiwa kujiandikisha kama mtafuta kazi miezi mitatu kabla. Kama umepata habari kwa kuchelewa, una siku tatu tangu ulipojua. Hata mkataba wa muda maalum, ambao tarehe yake ya mwisho unaijua tangu ulipousaini, unahesabiwa hivyohivyo, na hapo ndipo wengi wanapochelewa kwa kutumaini kwamba utaongezwa. Ukichelewa unakatwa wiki moja. Halafu siku ya kwanza ya kutokuwa na kazi, kabla haijapita, ujiandikishe tena, safari hii kama asiye na ajira. Malipo yanaanza siku uliyojitokeza. Hayarudi nyuma kufidia siku ulizokaa nyumbani ukijiuliza.

Ukishaanza kulipwa lazima uwe tayari kufanya kazi angalau saa 15 kwa wiki, utafute kazi kweli, na barua ya ofisi ikija uweze kuitikia. Unaruhusiwa kibarua kidogo chini ya saa 15, ukitoa taarifa mapema. Euro 165 za mwanzo kwa mwezi ni zako, zinazozidi zinapunguzwa kwenye malipo.

Hapa niseme neno kuhusu misiba, maana ni kitu kinachotukuta. Uko huku huna kazi, unapokea, simu inalia usiku kwamba baba mkubwa amefariki, mazishi kesho Ujiji. Moyo unakwambia panda ndege. Ukienda bila kuomba ruhusa, siku zote ulizokuwa nje huna haki nazo, na zikigundulika utarudisha pesa. Ukiomba kabla unaweza kukubaliwa hadi wiki tatu kwa mwaka, ingawa miezi mitatu ya mwanzo ruhusa inatolewa kwa sababu za msingi tu. Msiba ni sababu inayoeleweka, waeleze. Asubuhi ileile piga simu kabla ya kukata tiketi, na uliza jina la aliyekuruhusu uliandike. Ndugu wa Kigoma nao naomba watuelewe: wiki tatu hizo zinajumuisha njia yote, ndege mpaka Dar es Salaam na treni au basi mpaka mwisho wa reli, pamoja na kurudi. Mtu akiaga kabla matanga hayajatulia, hajakimbia ukoo.

Kwa mwenye kibali cha kukaa kilichofungwa na kazi kuna jambo la pili. Kazi ikiisha kabla ya wakati, una wiki mbili za kuiarifu ofisi ya wageni. Watu wanaogopa, wananyamaza, na kunyamaza kunawaharibia. Kupokea pesa hii ya bima hakuhesabiwi kuwa mzigo kwa serikali, kwa kuwa ni mchango wako. Ule msaada wa kujikimu unaotolewa na ofisi nyingine iitwayo Jobcenter, wa asiye na kitu kabisa, ndio unaoweza kuleta shida kwenye kibali. Hivi ni vitu viwili tofauti, na uvumi wa mitaani umevichanganya mpaka mtu mwenye haki yake halali anaogopa kuidai.

Wala tusidhani mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Kwetu Tanzania, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF una fao la kukosa ajira, lililokuja na mageuzi ya mifuko ya 2018. Aliyechangia miezi 18 au zaidi na kuachishwa, si kuacha mwenyewe, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi isiyozidi sita. Utaona swali ni lilelile: umechangia, na nani aliyemaliza kazi? Ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo wanaoajiriwa kwa mikataba kwenye miradi ya makambi ya wakimbizi wanapaswa kulijua hili kabla mradi haujafungwa. Hakikisha mwajiri anapeleka michango kweli, usingoje siku ya mwisho kugundua kwamba ulikatwa na haikufika.

Mjomba wangu, mvuvi wa Kibirizi, aliniuliza swali gumu kuliko yote. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili dagaa na migebuka wazaliane. Miezi mitatu taa hazikuwashwa usiku, mitumbwi ilivutwa nchi kavu. "Mimi nilikosa ajira kwa amri," akasema, "je, nani alinilipa?" Hakuna aliyemlipa, kwa kuwa mvuvi anayejitegemea hana mwajiri wa kupeleka nusu ya mchango. Mimi sikubali liishie hapo. Kila boti inayoshusha samaki mwaloni inalipa ushuru. Sehemu ndogo ya ushuru huo ingewekwa kando kwa jina la wavuvi wenyewe miezi tisa ya kuvua, ingewabeba miezi mitatu ya kungoja. Kulifunga ziwa nakubaliana nako, samaki walikuwa wanaisha. Mvuvi aachiwe namna ya kula wakati analilinda.

Kwa vijana wanaojiandaa kuja huku kwa mwaka wa kujitolea, wengi hamwambiwi kwamba nanyi mnachangiwa bima hii, na taasisi inayowapokea ndiyo inayolipa mchango wote. Sheria inahesabu miezi 12 kuwa siku 360. Visa ikichelewa na mkataba ukaanza 15 Septemba, kisha ukaisha 31 Agosti kama ulivyopangwa mwanzo, siku hazitoshi, na hutapata chochote ukikosa nafasi ya mafunzo mara moja. Ombeni mkataba usogezwe uishe katikati ya Septemba. Ombeni hilo mkiwa bado Kigoma, kabla ya kusaini, na msiache kuuliza pia kama kibali mtakachokuwa nacho baada ya mwaka huo kitawaruhusu kufanya kazi, kwa sababu asiyeruhusiwa kufanya kazi halipwi pesa ya kukosa kazi.