Chui wa Bahati na mwezi wake mpevu

Kazi yangu ni kufunga CCTV, Nakuru mjini na viunga vyake. Siku hizi nafunga pia kamera za msituni, zile ndogo za rangi ya majani zinazokazwa mtini kwa mkanda. Wakulima wanaopakana na msitu wa Menengai wanataka kujua ni nani anayewamalizia viazi. Mara nyingi ni nungunungu, na hakuna anayenishukuru kwa jibu hilo.

Basi picha ya chui ilipoanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya eneo la Bahati, kaunti hii ya Nakuru, simu yangu haikupumzika. "Fundi, hii ni ya ukweli?" Chui amesimama mbele ya boma la mbuzi, macho yametazama kamera, na chini kuna ukanda mweusi wenye tarehe, saa 02:14, joto na alama ya mwezi. Kufikia mchana tayari mzee mmoja alikuwa anapendekeza mzoga wa mbuzi utiwe sumu ya wadudu uachwe ukingoni mwa msitu. Sumu hiyo haichagui. Ikiliwa na fisi, tai au mbwa wa jirani, kazi yake ni ileile. Hapo nikaona afadhali nifunge duka niikague picha vizuri.

Wengi huanza na mnyama: mkia, masikio, ukubwa. Mimi huanza na ukanda. Alama ya mwezi ilikuwa duara kamili, mwezi mpevu. Lakini tarehe iliyoandikwa ilikuwa siku mbili baada ya Idi el-Fitr, ile ya kumaliza Ramadhani, na kila mtu wa mtaa wa Bondeni hapa mjini anajua mwezi wa siku hiyo ni kipande chembamba kinachotua mapema. Kuna aliyenijibu kwamba labda mwenye kamera alikosea kuweka tarehe. Haiwezekani. Kamera haiangalii mbinguni; inakokotoa mwezi kutokana na tarehe uliyoiwekea. Ukiweka tarehe ya uongo, itakupa mwezi wa tarehe hiyohiyo ya uongo. Vikipingana, mtu amegusa ukanda.

Halafu majani yalikuwa kijani kibichi. Saa nane usiku! Kamera nyingi za aina hii humulika usiku kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na picha inatoka nyeusi na nyeupe. Zipo za taa nyeupe zinazotoa rangi, sikatai, ila hapo mwanga huonekana: kilicho karibu huwaka, cha nyuma humezwa na giza. Katika picha hii boma la nyuma liling'aa sawa na pua ya chui.

Na huyo chui mwenyewe? Madoa ya mbavuni yalikuwa makubwa, ya kuzunguka, na ndani ya mengine kulikuwa na vitone vidogo vyeusi. Chui wetu hana vitone katikati ya madoa yake. Huyo ni jagwa, mnyama wa Amerika, na kufika Bahati angehitaji tiketi ya ndege.

Hata hivyo, yote hayo mdanganyifu mwerevu anaweza kuyarekebisha, hasa sasa ambapo programu ya simu inakuchorea chui wa infraredi, mwezi sahihi na kila kitu. Ndiyo maana swali langu kubwa halihusu picha yenyewe. Nauliza: kadi ya kumbukumbu ya kamera iko wapi? Kamera ya msituni huamshwa na joto linalosogea mbele yake, na wengi huipanga ipige picha kadhaa mfululizo. Kwa hiyo kabla ya chui kuna jani lililotikiswa na upepo wa jua kali, kuna ng'ombe, kuna mimi nikifunga mkanda uso umejaa jasho. Baada yake kuna mkia unaoondoka. Namba za mafaili zinafuatana. Picha inayokuja peke yake, bila ndugu zake, siiamini hata ikiwa nzuri vipi.

Wachina walijifunza hili hadharani. Mwaka 2007 mkulima wa Shaanxi, Zhou Zhenglong, alileta picha za chui-milia wa kusini mwa China porini, na idara ya misitu ya jimbo ikasimama naye. Yeye alikuwa na picha nyingi, si moja. Watu mtandaoni wakazipanga pamoja wakaona mpiga picha anahama lakini mnyama hageuki, milia ileile kutoka kila upande. Alikuwa karatasi. Bango la ukutani lenye chui huyohuyo likapatikana, na mwaka uliofuata Zhou akahukumiwa kwa udanganyifu.

Uzuri peke yake hautoshi kumhukumu mtu, lakini. Yule chui mweusi wa Laikipia aliyepigwa na Will Burrard-Lucas mwaka 2019 alionekana kama wa kuchora, na alikuwa wa kweli. Mpiga picha alipanga taa zake mwenyewe, na watafiti wa San Diego Zoo walikuwa na video zao za chui weusi wa eneo hilo.

Wa Bahati hakuwa na kadi. Kila niliyemuuliza alisema "nimetumiwa tu". Nilichoweza ni kufunga kamera kwa mama aliyepoteza mbuzi kweli, nikirudi nikakuta mbwa wawili, mmoja na kola shingoni. Picha mbaya, nusu kichwa, ukungu kwenye lenzi. Mama akazitazama akanyamaza, kwa sababu kola anaijua. Kwenye grupu hazikusambaa kama za chui. Mzee wa sumu naye akaniambia, "Kijana, umetuletea kesi ya majirani." Kesi hiyo sasa iko kwa chifu.

Mkiwa na picha ya kunionyesha, msinitumie kama picha. WhatsApp huibana na kufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Itumeni kama dokumenti, pamoja na tatu zilizotangulia na tatu zilizofuata. Kama hazipo, niambieni pia ni nani aliyekutumia.