Karanga za Kigongo

Desemba 1994, nimemaliza kidato cha nne, tuko Kigongo na mjomba tunasubiri pantoni. Tulikuwa tunakwenda msibani Sengerema. Pantoni yenyewe iko Busisi huko, inaonekana kama kiberiti, wala haina dalili ya kurudi.

Siku hizo kichwa changu kilijaa Arnhem, vita niliyoisoma kwenye kitabu cha kuazima. Nikatandika gazeti juu ya gunia, nikamwaga karanga: hawa askari wa miamvuli wa Uingereza, maganda Wajerumani, njiti ya kiberiti daraja la mto Rhine, Septemba 1944. Shabaha ni kushuka nyuma ya adui, kuyakamata madaraja ya Uholanzi kabla hayajalipuliwa, halafu vifaru vije kwa barabara.

"Mbona umewaweka mbali na daraja?"

"Ndiko waliposhushwa, mjomba. Kama kilomita 12."

Alicheka mpaka muuza mayai akageuka. "Kilomita 12 kwa miguu! Adui si anapika chai, anakunywa, anaosha na kikombe?"

Nikakiri kwamba kikosi kimoja tu ndicho kilichofika, kikashikilia upande wa kaskazini siku tatu na ushee, na vifaru havikutokea. Lakini nikajitetea kwa Normandy, kule Ufaransa: Juni mwaka uleule, ndege zisizo na injini zilitua usiku kando ya mfereji wa Caen, moja yake hata mita 50 haikufika kutoka darajani. Wakaliteka kwa dakika chache, likiwa zima.

"Hao sasa wana akili," akasema. Akaichukua njiti yangu, akaivunja katikati, akairudisha pale pale.

"Hili Kyaka."

Nilijua alikuwa mgambo wakati wa Amin, ila nyumbani hakuwa akiyasema. Novemba 1978 majeshi ya Amin yalililipua daraja la Kyaka. Yeye alipofika alikuta chuma kimelala majini, na mto Kagera unapita juu yake kama kawaida.

"Wenzako hao walianguka toka mbinguni kufuata daraja zima. Sisi tumekaa ng'ambo tunaangalia maji, mpaka likatandikwa daraja la kuelea. Lile linacheza, we! Unakanyaga, linakukimbia. Gizani, bunduki juu, kila mtu kashika mkanda wa aliye mbele."

Pantoni ikapiga honi. Mjomba akawazoa Waingereza wangu wote kiganjani, akapuliza maganda, akawatafuna akielekea kwenye foleni. Daraja jingine la Uholanzi, la Nijmegen, nilikuwa hata sijalifikia.