Vizibo vya bia mfukoni

Mashine ilisoma 0.31. Askari aliigeuza nijionee mwenyewe, akaniambia mwisho ni 0.35, yaani miligramu za pombe katika lita moja ya pumzi, kisha akanirudishia leseni. "Umepita, mzee. Lakini umepita kwa mlango wa nyuma."

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Januari, karibu na kuingia Kilifi. Nyuma ya pikapu nilikuwa na maembe ya Magarini, napeleka soko la Kongowea. Nilitoka pale nikipiga mluzi. Nilimpigia simu shemeji yangu, tuliyekuwa naye usiku, nikamwambia alkoblo imenipima na sina neno. Tukacheka sana.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Jumapili. Nina binamu ambaye mtaani tunamwita Daktari, ingawa kazi yake ni tabibu wa zahanati. Nilimsimulia kisa kile barazani kwake, Maweni, nikitarajia acheke. Akaniuliza nina kilo ngapi. Sitini na nane. Nilikunywa ngapi? Sita, chupa za nusu lita, kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Akachukua risiti yangu ya maembe, akaigeuza, akaanza kuandika mgongoni mwake.

Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 4.2, alisema, ina gramu kama 16 na nusu za pombe tupu. Kwa mwili kama wangu, chupa moja hupandisha ile mashine kama 0.17. Ini nalo hushusha kama 0.07 kwa saa, polepole, na haliharakishwi. Watu hutofautiana, lakini si kwa mbali sana. Chupa sita ni 1.02. Toka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri ni saa kumi, toa 0.70. Inabaki 0.32. Akanitazama. Mashine ya askari ilikuwa imesema 0.31.

"Sasa ulitoka Malindi saa ngapi?"

Saa kumi na moja. Akarudisha 0.07 na kuandika 0.38, akaichora duara.

Ndiyo kusema, nilipowasha gari mlangoni kwangu nilikuwa nimevuka kiwango. Karibu nusu saa ya mwanzo, hadi kupita Gede, nilikuwa mhalifu aliyepiga mswaki. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinasema faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili, kwa anayeendesha akiwa amelewa. Lakini kilichonikaa kooni si faini. Kandokando ya msitu wa Arabuko Sokoke, gizani bado, kulikuwa na mtu wa baiskeli aliyebeba magunia mawili ya makaa, hana taa, hana chochote cha kumeta. Nilimwona amefika puani mwa gari. Nikakata usukani, tairi la kulia likaingia upande wa pili wa barabara, nikamtukana mama yake kupitia dirishani. Wiki nzima nilikuwa nikimsimulia kila mtu vile wenye baiskeli wasivyo na akili. Pale barazani nilijiuliza kwa mara ya kwanza kama ningemwona mapema zaidi siku ambayo sijanywa. Sijawahi kupata jibu.

Na mbona nilijihisi mzima? Nilikuwa nimelala, nimeoga maji baridi, nimekunywa chai ya tangawizi na vikombe viwili vya kahawa chungu. Daktari akasema kahawa humwamsha mlevi tu. Utakuwa mlevi aliye macho. Kula vizuri kabla ya kunywa husaidia pombe isikimbilie damu kwa kasi, lakini haiipunguzi iliyokwisha kuingia. Peremende nazo ni bure, maana mashine hupima hewa itokayo mapafuni, na mapafu hayali peremende.

Basi nikaanza kuhesabu vizibo. Kila chupa ikifunguliwa, kizibo kinaingia mfuko wa shati. Mwanzoni walinicheka, wengine wakaniita shehe, mmoja akaniuliza kama kuna bahati nasibu. Nyumbani navimwaga mezani: kila kizibo ni saa mbili na nusu, kuhesabu tangu tama la kwanza. Hesabu hiyo hainingojei nifike 0.35, hungoja mwili umalize kabisa. Sitaki tena mambo ya mlango wa nyuma. Mke wangu, ambaye ana kilo 52, aliuliza kama naye akinywa ni saa mbili na nusu. Hapana, mama watoto, mwili mdogo chupa ile ile humlemea zaidi, na wanawake wengi wana maji machache mwilini ya kuizimua. Akasema basi afadhali abaki na soda yake na awe mtunza ufunguo.

Hilo la ufunguo ndilo lililosaidia kuliko yote, kusema kweli. Gari hubaki nyumbani kabla sijaenda popote. Naenda kwa tuktuk, narudi kwa tuktuk. Nimegundua kwamba uamuzi wa kuendesha au kutoendesha ukiuacha ufanywe saa sita usiku, anayeuamua si wewe tena.

Mnazi, ile pombe ya kugemwa, ulinishinda kuuhesabu. Sisi wa huku hatuwezi kujifanya kwamba watu hunywa bia peke yake. Ukikaa mangweni, kilabuni pa mnazi, kule Kakoneni, mboko, yaani kibuyu cha kunywea, unazunguka, mrija unabadilisha mikono, mwenyeji anajaziliza kabla hujamaliza. Umekunywa kiasi gani? Na kilevi chake ni asilimia ngapi? Ulioshushwa asubuhi ni mtamu, hata mtoto angeuomba. Ule ule jioni umechacha na kuwa mkali, kwa sababu sukari yake inaendelea kugeuka pombe humo humo ndani ya jerikeni. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi ningemshukuru, ila wa kwetu hajatia tone. Kwa hiyo nimeamua: siku ya mnazi sigusi usukani, wala kesho yake asubuhi. Maembe yatasafiri na kijana wangu, ambaye ni mtu wa msikitini na hajui hata harufu yake.

Kuna siku mpango uliharibika. Mwezi wa Machi tulikuwa matangani Ganda, chupa zinakuja zimekwisha kufunguliwa, halafu mtu akatoa kinywaji kikali akawa anamimina kwa kifuniko cha chupa ya maji. Asubuhi mfukoni nilikuwa na vizibo viwili na kichwa cha vizibo kumi. Kijana alikuwa amesafiri. Sikuondoka hadi saa saba mchana, nikafika Kongowea wanunuzi wakubwa wameshaondoka, nikauza kwa bei ya kuona aibu kuitaja. Yale yaliyoiva sana yalikuwa yanavuja mlangoni mwa pikapu, nzi wananisindikiza toka Mtwapa.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa shemeji tena, tukaanza saa mbili na nusu. Niliporudi nikamwaga vizibo mezani: vitatu. Nikamwambia mke wangu, unaona, saa kumi alfajiri niko huru, niamshe. Hakusema kitu. Akaja akatia mkono mfuko wa suruali yangu, ule wa nyuma, akatoa cha nne.

"Hiki cha nani?"

Nikasema labda ni cha shemeji.

Alinipa ufunguo saa kumi na mbili na nusu, jua limeshatoka.