Mlandizi hadi Magomeni: Nilivyopima Pikipiki Dhidi ya Gari

Tulihamia Mlandizi kwa sababu ndiko fedha yetu ilikotosha kununua kiwanja na kujenga, lakini ofisi yangu ilibaki Magomeni, Dar es Salaam, na kati ya nyumba na ofisi zipo zaidi ya kilomita 50 za Barabara ya Morogoro. Kazi yenyewe hunitaka niwatembelee wateja mchana, leo Manzese, kesho Tabata, kwa hiyo kupanda basi moja kwa moja asubuhi na kurudi nalo jioni hakukunitosha. Nilikuwa na gari dogo la cc 1,500. Swali likawa kama liendelee na safari hiyo, au ninunue pikipiki ya cc 150 kama walivyonishauri wenzangu wawili kazini, ambao wote, ikumbukwe, wanaishi Kimara, karibu zaidi na ofisi kuliko mimi.

Nilianza na mafuta, maana ndiyo hesabu iliyo rahisi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 100. Gari langu, likichanganya mwendo wa barabara kuu na foleni za mjini, lilikwenda takriban kilomita 11 kwa lita, yaani lita tisa kwa siku. Pikipiki ya aina niliyoitaka hufika kilomita 40 kwa lita bila taabu, hivyo lita mbili na nusu zingetosha. Lita ya petroli ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni tofauti ya shilingi 27,000 na shilingi 7,500 kila siku ya kazi, na mtu akiishia hapo ataliuza gari jioni hiyo hiyo.

Fundi wangu ndiye aliyenizuia. Aliniuliza ningetembea kilomita ngapi kwa mwezi, nilipomwambia zinapita 2,000, akacheka: "Bosi, hiyo si pikipiki tena, hilo ni basi la mkoani." Alimaanisha kwamba injini ndogo hubeba oili chache na huhitaji kubadilishiwa mapema, kwa hiyo kila mwezi ningekuwa gereji. Cheni na sproketi huisha, tairi la nyuma kwa mwendo huo halimalizi mwaka, na pedi za breki nazo hazikai. Gari, ingawa kila kifaa chake ni ghali, huvumilia kilomita nyingi zaidi kabla ya kudai chochote. Nilipoyaingiza hayo yote, pikipiki bado ilikuwa nafuu, lakini nafuu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ile niliyoiona kituo cha mafuta.

Upande wa muda ndio ulionifungua macho zaidi, kwa sababu niliacha kuitazama safari kama kitu kimoja. Kutoka Mlandizi kupita Visiga hadi Kibaha Maili Moja ni takriban kilomita 20 za barabara ya njia moja kwenda na moja kurudi, na vibao vya kilomita 50 kwa saa vimefuatana penye makazi, huku trafiki wenye tochi wakiwa kazini. Hapo pikipiki haimshindi mwenye gari hata kwa dakika tano. Faida yake yote huonekana mbele zaidi, kuanzia Mbezi na hasa kati ya Kimara, Ubungo na Magomeni, ambako magari husimama na pikipiki hupenya. (Sizungumzii kuingia njia ya mwendokasi. Hilo ni kosa, na basi likija hakuna pa kukimbilia.)

Hatari nayo imepangika kinyume kabisa. Kipande kisichonipa faida ndicho chenye malori ya kwenda Zambia, Kongo na Rwanda, na mabasi ya mikoani yanayoyapita malori hayo. Dereva wa basi akitoka upande wake kulipita semitrela na kuona mbele kuna gari, husita. Akiona taa moja ya pikipiki huja tu, akitarajia wewe ushuke pembeni. Hata anayepita kwa adabu huacha upepo unaoisukuma pikipiki nyepesi. Ongeza kwamba asubuhi unaelekea mashariki na jioni magharibi, kwa hiyo jua linakupiga usoni safari zote mbili. Na bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo wengi wetu tunaikatia pikipiki, hulipa madhara unayowasababishia wengine, haigusi mguu wako uliovunjika.

Mke wangu alipoyasikia hayo hakubishana na hesabu. Alisema tu kwamba kipande cha Mlandizi hadi Kibaha hakitaki, nami sikuwa na hoja ya kumjibu, kwa kuwa nilishaona kwamba hakinipi kitu. Ndipo tukamwomba shemeji yangu anayeishi Kibaha aniwekee pikipiki uani kwake. Sasa natoka Mlandizi kwa kosta hadi Maili Moja, nachukua pikipiki, na kutoka hapo barabara imepanuliwa vya kutosha kwa malori na mimi kutosongamana. Nililazimika kufanyia mtihani leseni ya daraja A, kwani ya gari haitoshi, na fedha niliyodhani ningeitumia kununua pikipiki kubwa zaidi niliiweka kwenye kofia ngumu yenye kioo cheusi cha ndani kinachoshushwa wakati wa jua, glavu, buti na koti zito. Kompyuta niliihamishia kwenye sanduku la nyuma, kwani kuibeba mgongoni kwa mwendo huo kuliniumiza mabega.

Ganzi vidoleni bado naipata, na mteja akinipangia miadi ya saa moja asubuhi huwa natumia gari kuliko kuendesha gizani. Masika ni suala jingine: kuanzia Machi hadi Mei pikipiki inakaa kwa shemeji, naendesha gari mpaka Mbezi na kumalizia kwa basi, au nalifikisha Magomeni nikiwa na wateja wa mbali. Miezi hiyo hula mafuta kama zamani, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi wa kiangazi, nikishatoa ya oili na matairi, naitenga akiba iliyobaki kwa ajili yake.