Kung'oa mipera katika msitu wa Kakamega

Kabla sijauwekea mpera panga, huwa nainama kuangalia kilichoota chini yake. Hicho ndicho kinachoamua.

Mti huu asili yake ni Amerika ya kitropiki, na mbegu zake hutawanywa na nyani, hondohondo na sisi watu tunaopita tukila mapera. Kwenye viwanja vya nyasi vilivyo ndani ya msitu hauna msamaha: ukiachwa, kiwanja hugeuka kichaka na nyasi zikafa kwa kivuli. Huko tunaing'oa yote. Ukingoni, kwenye mashamba yaliyoachwa, mambo ni tofauti. Ndege wakitua juu ya mpera mkubwa hudondosha mbegu za miti ya msitu. Nikikuta miche ya mwiritsa au mutere chini yake, napogoa matawi ya upande mmoja mwanga uingie, mpera wenyewe nautoa miche ikishafika kiunoni. Ukifyeka vyote kwa mara moja, jua huiunguza miche hiyo, na kinachoota kwanza ni mpera tena.

Kibali cha kufanya kazi msituni ni lazima: upande wa kusini hutolewa na KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya), upande wa Buyangu, kaskazini, na KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya).

Mipera isiyofika gotini ing'olewe kwa mkono mvua za Aprili zikishalainisha udongo. Kiangazi mzizi mkuu hukatika ukabaki chini. Kwa mti mkubwa, okota kwanza mapera yote yaliyoiva, maana tunda moja lina mbegu kwa mamia. Kata shina kwenye urefu wa mita 1 hivi, si chini kabisa, ili upate pa kushika na kusukumia. Chimba mtaro kulizunguka, nusu mita kutoka shinani, kata mizizi ya pembeni kwa shoka, kisha watu wawili walisukume huku na huku hadi mzizi mkuu ulegee. Vipande vya mizizi vilivyosalia huchipua, kwa hiyo fuatilia kila mzizi. Mizizi iliyotoka tunaianika juu ya rundo la matawi isiguse udongo. Kuchoma kisiki ni kazi bure, hurudi.

Ukingoni, mashimo yanayobaki tunayapandia miti ya asili, musutsu na lusiola, mita 2 kati ya mche na mche, kwani mpera hauwezi kivuli kizito. Halafu kila baada ya miezi mitatu tunarudi kung'oa machipukizi yangali membamba kama penseli. Yakishakomaa gome, ni shoka na mtaro upya.