Gia za plaiwudi za kugeuzia mayai: nilivyozichora mtandaoni na kuzikata nyumbani

Mayai ya kuku hukaa siku 21 kwenye mashine ya kutotolesha, na siku 18 za mwanzo lazima yageuzwe mara kwa mara, la sivyo kiinitete hugandia kwenye utando wa ganda. Ukishinda nyumbani unageuza kwa mkono. Mimi natoka Tabata, Dar es Salaam, alfajiri na saa ya kurudi inapangwa na foleni, kwa hiyo niliamua trei ijigeuze yenyewe.

Mota nilichomoa kwenye maikrowevu mbovu, ile inayozungusha sahani. Soma kwanza kibandiko chake: nyingine ni za volti 21, ukizichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 zinaungua papo hapo. Yangu ni ya volti 220 hadi 240, na imeandikwa 5/6, yaani mizunguko 5 kwa dakika kwenye umeme wa hezi 50 kama wetu, na 6 kwenye hezi 60. Uzuri wake inafuata hezi, hivyo hata umeme wa jioni ukififia kidogo kasi ni ileile.

Taima niliyoinunua Kariakoo nayo haishuki chini ya dakika moja, na hapo ndipo hesabu yote ilipolalia. Nilitaka dakika hiyo moja izungushe krenki (mkono unaoinamisha trei) nusu mzunguko, trei iliyoinamia kushoto iinamie kulia. Mizunguko 5 lazima ishuke iwe nusu mzunguko, yaani ipungue mara kumi. Ukipunguza mara tano tu, krenki inamaliza mzunguko mzima na trei inarudi palepale ilipoanzia, mayai yametikiswa bure.

Gia za hesabu hiyo ni za kuchora mwenyewe. Nilitumia kikokotoo cha bure cha Matthias Wandel, yule Mkanada wa mashine za mbao, kwenye tovuti yake ya woodgears.ca. Unakipa umbali kati ya jino na jino, pembe ya mgusano (mlalo wa ubavu wa jino), idadi ya meno na ukubwa wa tundu, kinakupa mchoro wa kuchapisha. Wanaopenda programu ya kwenye kompyuta, Inkscape nayo ina kichora gia ndani yake.

Kupunguza mara kumi kwa mkupuo kungetaka gia ya meno 12 na nyingine ya 120, dude la kujaza meza. Nikagawa: 12 kwa 24, halafu 12 kwa 60. Mbili mara tano.

Ukubwa wa jino uliamuliwa na karatasi. A4 ina upana wa milimita 210. Kipenyo cha nje cha gia unakipata hivi: jumlisha mawili kwenye idadi ya meno, kisha zidisha kwa moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino. Kwa moduli 3, gia ya meno 60 inafika milimita 186, inaingia. Kwa moduli 4 ni 248, haiingii. Kikokotoo kinataka umbali wa meno, basi zidisha 3 kwa pai: milimita 9.42.

Pembe ya kawaida ni digrii 20, lakini kwa pembe hiyo gia yenye meno chini ya 17 huliwa shingoni, jino linabaki jembamba pale pale linapobeba mzigo. Nikaweka 25, ambayo inakubali kushuka hadi meno 12. Gia zote zinazoshikana lazima ziwe na pembe moja na moduli moja.

Stesheni, yaani duka la kuchapisha, nilimwambia kijana achapishe kwa saizi halisi, asiache kompyuta ipunguze.
"Dada, haya maua ni ya keki?"
"Ya kuku," nikamwambia. Nikapima kwa rula palepale dukani. Mchoro ukipungua, meno hayatakaa kwenye umbali wa shafti uliopiga hesabu: milimita 54 kwa jozi ya kwanza, 108 kwa ya pili.

Plaiwudi ya milimita 12 nilipata kwa mafundi wa samani wa Keko, vipande vya kubakia. Bandika karatasi, toboa tundu la katikati kwanza, ndipo ukate meno kwa msumeno wa bapa jembamba, umalizie kwa tupa na msasa. Kazi ya kuchosha ni gia ya 60, nyingine ni za jioni moja. Tundu la gia ya mota lazima litengenezwe kwa tupa likae na upande bapa kama shafti yake. Gia ya 24 na ya pili ya 12 nilizigundisha pamoja, zizunguke kama kitu kimoja.

Matundu ya shafti kwenye ubao niliyarefusha kidogo ili niweze kusogeza. Wakati wa kukaza nati, kipande cha karatasi kikae katikati ya meno. Ukikichomoa, inabaki nafasi ya kupumulia. Badala ya grisi napaka nta ya mshumaa. Na gia zote ziko nje ya boksi la mayai, kwa sababu unyevu wa ndani ungevimbisha plaiwudi hata ukiwa umepaka vanishi.

Mota hizi zina tabia ya ajabu: leo inaanza kulia, kesho kushoto, yenyewe inavyotaka. Kwa krenki haidhuru, nusu mzunguko ni nusu mzunguko. Taima inawasha kila baada ya saa mbili, na siku ya 18 nachomoa plagi ya mota peke yake, balbu na feni vinaendelea.