Nilivyoacha kubishana na mama

Siku ile mama alifiwa na mumewe mara tatu, na mara zote tatu aliyempelekea habari ya msiba nilikuwa mimi. Aliuliza, "Baba yenu hajarudi tu bandarini?" Nikamjibu kweli tupu: "Mama, baba alikufa tangu mwaka 2009." Akalia kilio cha siku ya kwanza, akajifunika kanga, akauliza mbona yeye hakuambiwa. Haikupita saa moja, kilio na sababu yake vyote vimemtoka, akauliza tena. Nikajibu vilevile, maana ni yeye huyohuyo aliyenilea nikijua uongo ni haramu. Mara ya tatu jirani yangu, aliyekuwa amekaa anasubiri nimalizie gauni lake, akashindwa kuvumilia. "Hivi wewe baba yako utamzika mara ngapi?"

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, Barabara ya 12. Mama ana miaka 78, asili yake Pangani, na maisha yake yote alisuka mikeka. Ukiniuliza ugonjwa wake wa kusahau ulianza lini siwezi kukutajia siku. Kwanza hesabu: akawa anawarudishia wateja chenji nyingi kuliko pesa waliyotoa. Kisha pilau ikatiwa chumvi mara mbili, wiki iliyofuata haikutiwa kabisa. Kisha akapotea akitoka soko la Mgandini, njia aliyoipita miaka arobaini. Kijana wa baiskeli alimrudisha magharibi, kavaa kandambili mbili zisizofanana.

Mtaani walisema ni uzee. Shangazi akaja kutoka Pangani akasema hapana, kuna mkono wa mtu, akaleta kombe, yale maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Mama alikunywa na mimi sikukataza, kwani nilikuwa na dawa gani bora zaidi ya kumpa? Zahanati tuliyoianza waliniambia bibi kazeeka, mnataka afanywe nini. Na kwa kuwa usiku halali, mtu akanishauri nimpe vile vidonge vya mafua na kuwashwa vinavyoleta usingizi. Duka la dawa hawakuuliza swali. Nilimpa kimoja, baadaye viwili, kwa mkono wangu, karibu miezi minane. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tulipopanda hospitali ya Bombo tukampata daktari kijana, mtu wa bara kwa lafudhi yake. Alimsalimia mama "shikamoo", akamuuliza leo siku gani, mama akasema siku zote ni za Mungu. Mwenyekiti wa mtaa ni nani? Akatajwa mtu aliyekufa zamani za Nyerere. Akaambiwa ataje wanyama wote anaowajua, akataja ng'ombe, mbuzi, halafu akahamia baharini: changu, tasi, kibua, changu, changu tena. Daktari alisitasita na kalamu, nadhani hakujua kama samaki wanahesabika. Mwisho akatoa njiti nne za kiberiti, akazipanga umbo fulani mezani, akampa mama nyingine apange vilevile. Mama akazikusanya pamoja kama kuni, akanigeukia: "Lete sufuria."

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka palepale.

Baadaye nilielezwa kuwa zile njiti si mchezo. Vipimo vingi vya Ulaya vinamtaka mzee achore saa ya ukutani au aandike sentensi, na mzee ambaye hakwenda shule atafeli hata kama akili yake ni timamu kuliko yangu. Watafiti waliofanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakatengeneza kipimo kisichohitaji kalamu. Mama hakusoma shule, amesoma chuoni, yaani madrasa, anasoma msahafu. Angepewa ile saa ya kuchora nisingejua kilichomshinda ni ubongo au penseli.

Jina la ugonjwa ni demensia, na yake inaelekea ni ya aina ya Alzheimer, iliyochanganyika na athari za presha kwenye mishipa midogo ya ubongo. Huyo Alois Alzheimer alikuwa daktari wa Kijerumani, aliueleza ugonjwa huu mbele ya wenzake mwaka 1906. Wakati huo Wajerumani wenzake huku kwetu walikuwa wameshafikisha reli yao Mombo. Ubongo unajaa mabaki ya protini, seli zinakufa kidogo kidogo, na sehemu inayotunza mambo mapya ndiyo huanza kuharibika. Ndiyo maana mama anakumbuka ngalawa ya babu yake na rangi ya tanga lake, lakini chai aliyokunywa sasa hivi haikumbuki.

Nilitegemea tutapewa dawa tuondoke. Badala yake daktari akaanza kumpekua mama kama fundi anayetafuta mahali baiskeli inapolia. Masikio: yote mawili yamezibwa na nta. Presha: 170 kwa 100. Je, aliwahi kuanguka akapiga kichwa? Sukari? Macho? Anatumia dawa gani nyumbani? Nikatoa vile vidonge vya mafua kwenye mkoba. Akaviangalia, akaviweka mezani taratibu, akasema, "Dada, hivi tunaviacha leo." Akanieleza kwamba kumbukumbu inategemea kemikali moja ya ubongo iitwayo asetilikolini, na kwa mgonjwa kama mama imeshapungua. Vidonge vya aina ile vinaizuia hata hiyo kidogo iliyobaki. Nikimpa alale, kumbe namzidishia kuchanganyikiwa asubuhi.

Hakunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe njia nzima.

Wiki mbili za matone ya kulainisha nta, kisha masikio yakaoshwa. Siku ileile jioni mama akaniuliza, "Hiyo adhana mbona leo wanaipiga kwa nguvu?" Miaka mingapi hakuisikia, na sisi tunasema amesahau sala! Nilidhani hajibu kwa sababu haelewi, kumbe nusu ya maneno hayakuwa yanamfika. Kisha nilisoma kwamba tume ya wataalamu ya jarida la Lancet, mwaka 2024, ilihesabu mambo 14 yanayochangia demensia ambayo binadamu anaweza kuyafanyia kitu, na kwamba yakishughulikiwa yote, karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kukingwa au kucheleweshewa ugonjwa. Usikivu uliopungua umo, presha ya umri wa kati imo, kisukari, sigara, macho yasiyotibiwa, upweke, hata kukosa shule utotoni. Nikaenda kupima presha yangu. Nina miaka 52, na nilikuta 150 kwa 95. Sasa tunameza vidonge pamoja, mimi na yeye, baada ya chai ya asubuhi.

Mpwa wangu aliyeko Dar alinitumia habari kwamba Marekani wamepata dawa. Ni kweli, lakini si kama alivyofikiri. Lecanemab iliidhinishwa kikamilifu huko mwaka 2023, inaondoa yale mabaki ya protini, na kwenye majaribio ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27 katika miezi 18. Kupunguza kasi tu, kilichokwisha potea hakirudi. Tena ni ya walio mwanzoni, hutolewa kwa dripu, na lazima ubongo upigwe picha mara kwa mara kwa sababu unaweza kuvimba au kuvuja damu. Nilimwambia mpwa wangu aitume hiyo nauli ya Marekani, tutanunua diapa.

Jambo la usiku ndilo lililokaribia kunivunja. Kila magharibi mama alifunga kanga zake kwenye kifurushi, akasimama mlangoni: "Nipelekeni kwetu." Nikimwambia hapa ndipo kwenu, ananiona mwongo, tena mwongo jeuri. Usiku mmoja alinipiga na mwiko. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimkamata mikono nikamkalisha kwa nguvu, alama za vidole vyangu zikabaki mpaka kesho yake. Niliporudi kliniki nikaomba dawa ya kumtuliza. Daktari akakataa kuanza nayo. Dawa zile za wagonjwa wa akili, haloperidoli na wenzake, kwa mzee mwenye demensia huongeza hatari ya kiharusi na kifo, hazitolewi ili sisi tulale. Akaniuliza, "Mara ya mwisho wewe umelala lini?" Sikuwa na jibu.

Basi nikarudi kwenye lile neno la jirani kuhusu kuzika. Nikaacha kubishana. Akisema apelekwe kwao, navaa ushungi, nabeba kifurushi, tunatoka. Tunapita Barabara ya 11, tunasalimia, tunakata, tunarudi kwa upande mwingine. Akiuona mlango anasema, "Alhamdulillahi, tumefika." Taa nawasha kabla jua halijazama, maana vivuli vya ile saa vinamtisha. Kioo cha kabati nimekifunika, kwa kuwa alimwona humo bibi asiyemjua akimkodolea macho. Komeo nimelipandisha juu ya mlango, asikozoea kutazama. Na kwa kuwa sindano ni yangu, kila dera lake nimelidarizi namba yangu ya simu upande wa ndani wa pindo. Vijana wa bodaboda pale kona nao wanamjua.

Sala ilikuwa tabu ya aina yake. Anasali Adhuhuri mara tano, na kila mara anaogopa hajasali. Nilimfuata imamu wetu, akasema kalamu imeshanyanyuliwa kwa mtu wa hali hiyo, hana deni. Lakini huwezi kumwambia mama hana deni na Mola wake. Kwa hiyo nasali naye kwa sauti, na baadaye akiuliza namwambia, "Tumesali wote, mama, mimi shahidi." Neno "shahidi" linamtosha.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia sana. Mwaka jana, kwa siku mbili tu, mama alibadilika kabisa: akaona watu darini, akasinzia mchana, akawa hashiki kijiko. Tulidhani ndiyo hatua ya mwisho. Shangazi akaanza kuulizia sanda. Nilimpeleka, akapimwa mkojo, akakutwa na maambukizi, akapewa dawa, na baada ya wiki watu wa darini wakaondoka. Kuzorota kwa demensia kunakwenda kwa miezi na miaka. Akibadilika kwa siku mbili tatu, tafuta kingine: maambukizi, kukosa maji, choo kigumu, dawa mpya.

Na mikono yake haijasahau. Nilimpa miyaa ya kusukia mikeka siku moja ili tu atulie nishone sare za watu, akaichana, akaanza ukili bila kuniuliza kitu. Ujuzi wa mikono unatunzwa sehemu nyingine ya ubongo, ndiyo maana unadumu. Sasa asubuhi yeye anasuka, mimi nashona, redio iko kati yetu. Jirani hukaa naye Jumanne na Alhamisi alasiri, nami namshonea bure. Nadhani anapunjika, lakini hajalalamika.

Aliyenisumbua kuliko mama ni kaka yangu. Kila Ijumaa anapiga simu kutoka Dar, mama anamjibu vizuri kabisa, "Sijambo mwanangu, watoto wazima?", naye ananiambia nazidisha mambo. Kwenye simu ya dakika tatu mama ni mzima kuliko sisi wote. Mwezi wa pili nikamwambia njoo ukae wiki moja, mimi naenda Pangani kupumzika. Siku ya tatu, saa kumi ya alfajiri, simu ikaita. Ananong'ona. "Dada, niko nje barazani. Mama kanifukuza, anasema mimi mwizi, na komeo sijui limefungwa wapi."

Nikamwambia angojee adhana, kisha agonge kama mgeni aliyetoka safari, na asibishane. Siku hizi pesa ya msichana wa kusaidia inaingia kila tarehe mosi.